Mwalimu yupi wa kumwandaa mwanao kwa mtihani wa AP wa Kiitaliano: Mwitaliano wa mtandaoni, mwalimu wa Marekani, mwanafunzi wa chuo, au mjomba wa Malindi?

Swali hili huja shule za Marekani zinapofunguliwa, na huja hasa kutoka kwa wazazi wenzetu wanaozungumza Kiswahili walioko New Jersey, New York na Connecticut. Huko shule kadhaa za sekondari bado zinafundisha Kiitaliano, kwa kuwa wajukuu na vitukuu vya wahamiaji wa Italia wamejaa. Mtoto yuko mwaka wa tatu au wa nne wa somo hilo, mwalimu wa darasani amemshauri afanye mtihani wa AP (Advanced Placement, mtihani wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) mwezi wa tano, na mzazi anataka kujua amtafutie tuisheni ya aina gani.

Nitatoa jibu mapema, halafu nieleze. Chukua yule atakayemfanya mtoto aseme na aandike huku saa inahesabu, kisha amsahihishe kwa mwongozo ule ule wanaotumia wasahihishaji wa mtihani. Mwalimu huyo anaweza kuwa amezaliwa Siena, Newark au Watamu. Wazazi wengi huanza na swali la kuzaliwa, "Ni Mwitaliano kweli?", na hapo ndipo pesa huanza kupotea.

(Na kama mwanao anatoka familia ya Goma au Bukavu na Kifaransa anakijua, mwulize kwanza kwa nini hafanyi AP ya Kifaransa. Huenda ana sababu nzuri, lakini mwulize. AP ya Kiswahili haipo, kwa hiyo usiitafute.)

Mtihani wenyewe unataka nini

Mtihani unatungwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, na una nusu mbili zenye uzito sawa. Nusu ya kwanza ni maswali 65 ya kuchagua jibu, yanayochukua kama saa moja na dakika 35. Mtoto anasoma makala, matangazo na barua, anaangalia majedwali, na anasikiliza mahojiano na taarifa.

Nusu ya pili ina kazi nne, na kila moja inabeba asilimia 12.5 ya alama zote. Ya kwanza ni kujibu barua pepe rasmi kwa dakika 15. Ya pili ni insha ya hoja ya dakika 55, inayojengwa juu ya vyanzo vitatu: makala, jedwali au grafu, na sauti iliyorekodiwa. Ya tatu ni mazungumzo ya kuigiza: mtoto anasikia sauti, anajibu, anasikia tena, anajibu tena, mara tano, sekunde 20 kila mara. Ya nne ni hotuba ya dakika mbili ya kulinganisha jambo la utamaduni wa Italia na la jamii yake mwenyewe au nyingine anayoijua, baada ya dakika nne za kujiandaa.

Ukijumlisha hizo mbili za mwisho utaona kwamba robo nzima ya mtihani ni mtoto kuongea peke yake na mashine. Mashine haitikisi kichwa, haisemi "enhe", haimkumbushi neno lililopotea. Watoto wanaopiga soga vizuri na mwalimu wao hukwama hapo, na wenye alama nzuri za sarufi darasani hukwama zaidi.

Huo ndio muundo uliozoeleka kwa miaka mingi. Mitihani ya lugha hufanyiwa marekebisho mara kwa mara, kwa hiyo mwalimu yeyote unayemfikiria afungue mwongozo wa mwaka husika kwenye tovuti ya College Board kabla ya somo la kwanza. Akikujibu kwamba anaujua mtihani kwa kichwa na hana haja ya kuangalia, muage kwa heshima.

Jambo jingine la kujua kabla hujaanza kutafuta: huu ni mtihani mdogo. Ulifanywa mara ya kwanza Mei 2006, ukasimamishwa baada ya ule wa 2009 kwa uchache wa watahiniwa na ukosefu wa fedha, ukarudi 2012 baada ya serikali ya Italia na vyama vya Wamarekani wenye asili ya Italia kuingia mfukoni. AP ya Kihispania hufanywa na zaidi ya watu laki moja kwa mwaka, wakati ya Kiitaliano ina elfu mbili na kitu. Ndiyo maana vitabu vya kujiandaa ni vichache, na walimu waliowahi kuwaandaa watoto wengi kwa mtihani huu ni wachache vilevile. Ukiona mtu anajitangaza kuwa bingwa wa AP ya Kiitaliano, mwulize ameandaa wanafunzi wangapi na walipata ngapi. Akikutajia wawili, si kosa lake. Soko lenyewe ndivyo lilivyo.

Ukiangalia takwimu za matokeo, kumbuka pia kwamba baadhi ya wanaopata 5, alama ya juu kabisa ya AP, walilelewa na bibi wa Calabria jikoni. College Board yenyewe huwatenga watahiniwa wanaoongea lugha hiyo nyumbani inapochapisha matokeo ya lile inaloliita kundi la kawaida. Linganisha mwanao na kundi hilo.

Mwitaliano aliyeko Italia, kwa video

Ndiye wanayemkimbilia wengi, na kuna sababu. Kwenye majukwaa kama italki na Preply wamejaa, wanashindana, kwa hiyo bei yake mara nyingi ni nafuu kuliko ya mwalimu mwenye uzoefu wa Marekani. Masikio ya mtoto yanazoea mwendo halisi wa lugha, na hilo linamsaidia sana kwenye sehemu ya kusikiliza. Pia anapata habari za kweli za maisha ya huko: vijana wanaokaa kwa wazazi mpaka miaka thelathini, vijiji vinavyobaki na wazee watupu, mji unaofunga maduka kwa Ferragosto tarehe 15 Agosti. Mada za mtihani ni sita (familia na jamii, utambulisho, uzuri na sanaa, sayansi na teknolojia, maisha ya kila siku, changamoto za dunia), na mtu anayeishi ndani yake anazijaza kwa urahisi.

Tatizo la kwanza ni kwamba soga ni tamu. Saa nzima inapita, mtoto amecheka, amejifunza maneno kumi ya mtaani, na hajaandika mstari hata mmoja. Mzazi anasikia Kiitaliano kinatiririka chumbani na anaridhika.

Tatizo la pili ni la ndani zaidi. Sikio la mwenye lugha husamehe mambo ambayo mtihani hausamehi. Chukua sentensi hii ya mwanafunzi: "Penso che il calcio è importante" (nadhani kandanda ni muhimu). Mwitaliano wa kawaida anaisikia, anaelewa, anaendelea, kwa sababu yeye mwenyewe na majirani zake husema hivyo barabarani kila siku. Mwalimu aliyefundishwa kazi anasimama papo hapo: baada ya "penso che" inatakiwa "sia", ile hali ya kitenzi wanayoiita *congiuntivo*. Kwenye insha, mtoto anayeitumia mara tatu nne bila kukosea anaonekana amefika daraja jingine.

Kwa hiyo kama unachukua wa Italia, tafuta mwenye cheti cha kufundisha Kiitaliano kwa wageni. DITALS ya Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena na CEDILS ya Ca' Foscari, Venezia, ndivyo vinavyotajwa sana. Watu hawa wameshaandaa wanafunzi kwa mitihani ya Italia kama CILS na CELI, wanajua kusahihisha kwa vigezo. AP huenda wakawa hawajaisikia. Watumie mwongozo wa kusahihisha na mifano ya majibu, na kama ni mwalimu makini ataingia ndani yake mwenyewe bila kusukumwa.

Halafu kuna saa. Roma iko mbele ya New York kwa saa sita. Mtoto akifungua kompyuta saa tisa na nusu alasiri baada ya shule, Italia ni saa tatu na nusu usiku. Mwalimu kijana atakubali, mwenye watoto wadogo atasita. Kutoka California tofauti ni saa tisa, maana yake siku za shule haziwezekani, mnabaki na Jumamosi na Jumapili asubuhi. Na angalia mwezi wa tatu: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili tatu hapo katikati tofauti inakuwa saa tano, na vipindi hupotea wakati mtihani umekaribia.

Mwalimu wa Marekani anayeujua mtihani

Huyu ni ghali, na mara nyingi anafundisha shule mchana na tuisheni jioni. Baadhi yao wamewahi kusahihisha mtihani wenyewe, kazi inayofanyika kila mwezi wa sita. Ukimpata wa namna hiyo, usimwachie mtu.

Anachouza ni ujuzi wa mahali alama zinapodondoka. Atakwambia kwamba barua pepe ya mtihani siku zote ina maswali ya kujibu, na mtoto akijibu moja akasahau jingine amejikata mwenyewe. Kwamba lazima naye aulize jambo. Kwamba heshima ikivunjika barua yote inashuka. Watoto wa Marekani huandika hivi:

"Ciao Signora! Come stai? Grazie per la tua email."

Yaani anamwandikia mkurugenzi wa chuo kama anamwandikia rafiki wa darasani. Mwalimu wa AP huigeuza siku ya kwanza:

"Gentile Direttrice, La ringrazio per la Sua e-mail."

Na mwishoni: "In attesa di una Sua risposta, Le porgo cordiali saluti." Mtoto aliyelelewa kwenye shikamoo analielewa jambo hili haraka kuliko wenzake. Anajua tayari kwamba mkubwa hasemeshwi kama rika. Kilichobaki ni kukariri maneno ya heshima kama "La", "Le" na "Sua".

Kwenye insha, mwalimu huyu hukagua kama vyanzo vyote vitatu vimetajwa. Chanzo cha sauti ndicho watoto hukikwepa, kwa sababu hawakukisikia vizuri. Ni kosa la kawaida kabisa, na soga hata ziwe nyingi vipi haziliondoi.

Udhaifu wake? Wengi wao hufundisha nusu kwa Kiingereza, na Kiitaliano chao husemwa polepole, herufi moja moja, kiasi kwamba mtoto akikutana na sauti ya mtihani anahisi imeongezwa kasi. Tena kuanzia Machi ratiba zao zimejaa. Binafsi sioni haja ya kumlipa kila wiki mwaka mzima. Vipindi vitano sita kati ya Januari na Aprili, kila kimoja kikiwa na kazi iliyotumwa kabla na kurudishwa na alama, vinatosha kwa mtoto ambaye tayari ana darasa shuleni.

Mwanafunzi wa chuo

Huyu nitampitia haraka. Alipata 5 miaka miwili iliyopita, anakumbuka hofu ya chumba cha mtihani, ana bei ya chini na mtoto anampenda. Kwa kumsimamia na saa, kumsikiliza akirekodi na kumchangamsha, yuko vizuri. Kwa kusahihisha insha, hapana: ataona makosa ya tahajia na kuacha sentensi iliyopinda, maana na yeye bado anapindisha. Kama bajeti ni ndogo mchukue, lakini insha zipelekwe kwa mwalimu wa shule.

Mjomba wa Malindi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu walimu wengine hawana cha kulinganisha na hiki, na sisi wenyewe hukidharau.

Waitaliano waliingia Malindi kwa wingi kuanzia miaka ya 1960, pale Profesa Luigi Broglio na Chuo Kikuu cha Roma walipojenga kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru. Baadaye zikaja hoteli, nyumba za wastaafu na mikahawa ya piza, Malindi na Watamu, na upande wa Zanzibar Kiwengwa na Nungwi. Kizazi kizima cha waongoza watalii, wapishi na wauza vinyago kimejifunza Kiitaliano kwa kukisikia, bila daftari.

Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, ujue una mtu anayeongea kwa kasi ya kweli, asiyeona haya, anayejua mizaha na matusi, na anayeweza kumweleza mtoto kwa Kiswahili. Hili la mwisho lina faida usiyoitarajia. Mwanafunzi wa Kimarekani huhangaika miezi kuelewa kwa nini "libro nuovo" inageuka "libri nuovi". Mjomba anasema: kitabu kipya, vitabu vipya, kwani wewe hujui? Kazi imekwisha. Matamshi pia: irabu zetu ni safi, mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani hamezi mwisho wa neno kama wanadarasa wenzake. Atakapoteleza ni kwenye konsonanti zinazokazwa. "Anno" ni mwaka; ukiitamka kwa n moja nyepesi, umetaja kiungo ambacho hakitajwi mbele ya watu, na mtoto anayesema umri wake kwa mtindo huo atachekwa na Waitaliano wote waliopo.

Upungufu wake nao ni wa wazi. Kiitaliano cha ufukweni ni cha "tu", yaani "wewe" ya rika, kwa kila mtu, mteja wa miaka themanini hata mtoto wake. Wengi hawajawahi kuandika barua rasmi. Wengine vitenzi vyao havijabadilika tangu siku ya kwanza, "io andare, tu venire" (mimi kwenda, wewe kuja), na watalii wakawaelewa hivyo hivyo. Msikilize kabla hujamkabidhi mtoto. Na usimpe insha.

Kazi ya kumpa ni ile ya sekunde 20. WhatsApp inatosha: mjomba anatuma ujumbe wa sauti wenye swali, mtoto anausikiliza mara moja tu na kujibu papo hapo kwa sauti isiyozidi sekunde 20, bila kufuta na kurudia. Ujumbe watano kwa kikao kimoja, kama mtihani. Hata tofauti ya saa haisumbui, kila mmoja anajibu akiwa macho.

Kazi ya pili ni hotuba ya kulinganisha. Watoto wengi hulinganisha chakula cha Italia na cha Marekani, na msahihishaji ameshasikia hiyo mara mia kabla ya chakula cha mchana. Mwanao ana zaidi. Achukue Palio ya Siena: mbio za farasi za tarehe 2 Julai na 16 Agosti kuzunguka Piazza del Campo mara tatu, mitaa 17 ya mji lakini inakimbia 10 tu kila awamu, waendeshaji hawana tandiko, na farasi akimwangusha mwendeshaji wake akafika wa kwanza peke yake, mtaa wake umeshinda. Kisha aweke pembeni mbio za punda za Lamu wakati wa Maulidi, pale ufukweni, vijana wamekaa juu ya mnyama aliyebeba mchanga na mawe wiki nzima. Jambo moja la kumwangalia: asitumie dakika moja kueleza Siena na ya pili kueleza Lamu. Hiyo si kulinganisha, ni kupanga hadithi mbili. Aseme mfano "Mentre a Siena il cavallo corre per la contrada, a Lamu l'asino lavora tutto l'anno e corre un giorno solo" (wakati Siena farasi hukimbia kwa ajili ya mtaa, Lamu punda hufanya kazi mwaka mzima na kukimbia siku moja tu), na aendelee hivyo, moja ikiivuta nyingine. Mjomba atampa habari za Lamu, na mwalimu mwingine atainyoosha lugha.

Kwa jicho moja

| | Mwitaliano wa video | Mwalimu wa AP Marekani | Mwanafunzi wa chuo | Mjomba wa pwani |
|---|---|---|---|---|
| Kusikiliza | Bora kabisa | Hafifu, huongea polepole | Wastani | Bora |
| Barua pepe rasmi | Nzuri akiwa na cheti | Bora kabisa | Wastani | Hapana |
| Insha | Nzuri akipewa mwongozo | Bora kabisa | Hapana | Hapana |
| Sekunde 20 | Nzuri akishika saa | Nzuri | Nzuri | Nzuri sana |
| Kulinganisha utamaduni | Upande wa Italia | Mpangilio wa hotuba | Wastani | Upande wa nyumbani |
| Bei | Nafuu hadi wastani | Ghali | Nafuu | Salamu na vocha |

Jinsi ya kumjaribu kabla ya kulipa

Somo la majaribio lisiwe la kufahamiana. Ingia kwenye AP Central, sehemu ya College Board ambako maswali ya miaka iliyopita ya kuandika na kuongea yamewekwa bure, pamoja na miongozo ya kusahihisha na majibu halisi ya wanafunzi yaliyopewa alama. Chagua mazungumzo ya mwaka mmoja, mwambie mwalimu mtarajiwa ayaendeshe, nawe kaa pembeni hata kama hujui neno la Kiitaliano. Utaona mengi.

Tuseme swali ni "Allora, vieni con noi al concerto sabato?" (Haya, unakuja nasi kwenye tamasha Jumamosi?) na mtoto anajibu "Sì, vengo. Mi piace la musica" (Ndiyo, nakuja. Napenda muziki). Sekunde nne. Zilizobaki 16 ni kimya.

Mwalimu wa aina moja atasema "Bravissimo!" na kwenda swali la pili. Huyo mshukuru. Wa pili ataanza kueleza matumizi ya kitenzi "piacere" (kupenda) kwa dakika kumi; ana elimu, lakini ameona tatizo ambalo halipo. Unayemtaka ni yule atakayesema: sarufi yako sahihi, ila umeacha sekunde 16 mezani, rudia na unipe sababu, kikwazo na swali. Mtoto anahangaika, na mara ya tatu linatoka jambo kama hili: "Verrei volentieri, però sabato lavoro fino alle sei. Se comincia alle nove ce la faccio. Chi altro viene?" (Ningependa kuja, lakini Jumamosi nafanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikianza saa tatu usiku nitawahi. Nani mwingine anakuja?) Hakuna neno gumu hapo. Kuna mtu anayeongea.

Angalia pia mkono wa mwalimu: anaandika makosa akisubiri mtoto amalize, au anamkatiza kila neno? Anayekatiza hufundisha woga, na woga kwenye kipaza sauti cha mtihani husikika.

Ningewapanga hivi

Mtoto mwenye darasa la AP shuleni na mwalimu mzuri: Mwitaliano mwenye cheti mara moja kwa wiki kuanzia Oktoba, nusu ya kipindi ikiwa kazi ya mtihani kwa saa na nusu soga; mjomba na ujumbe wake wa sauti Jumamosi; mwalimu wa AP kwa vipindi vichache baada ya Krismasi, hasa insha na barua.

Mtoto ambaye shule yake haina darasa la AP na anajiandaa mwenyewe: geuza mpango. Aanze na mwalimu wa AP mwezi wa tisa ili ajue anakokwenda, kisha Mwitaliano achukue usukani. Bila hivyo atafika Aprili na Kiitaliano kizuri kisicho na umbo la mtihani.

Kama fedha ni kidogo kabisa, usikate tamaa wala usichukue mkopo. Maswali ya zamani ni bure. Redio ya RAI, shirika la utangazaji la Italia, na baadhi ya vipindi vyake viko mtandaoni bure. Mjomba yupo. Pesa uliyonayo ilipie insha nne tu, zisahihishwe na mtu anayejua kazi, zirudi zimejaa wekundu, na mtoto aziandike upya zote. Insha nne zilizoandikwa mara mbili zina faida kuliko saa ishirini za mazungumzo matamu.

Familia iliyoko Nairobi au Dar, mtoto akiwa shule ya kimataifa ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari), iwe makini isije ikanunua mwalimu wa AP. Kiitaliano B (somo la lugha ya kigeni) cha ngazi ya juu kwenye IB kina mahojiano ya ana kwa ana na mwalimu juu ya kipande cha fasihi, na kina mtihani wa kuandika wa maneno 450 hadi 600. Hapo anatakiwa mtu wa vitabu, na sekunde 20 hazina kazi.

Na kabla ya kumpigia mwalimu yeyote simu, pigia shule. Mtihani wa AP huagizwa na mratibu wa AP wa shule, na mwisho wa kuagiza ni katikati ya Novemba, miezi sita kabla ya mtihani. Ukichelewa kuna ada ya ziada. Shule isiyofundisha Kiitaliano huenda isiwe na mpango wa kuuendesha mtihani huo, na hapo inabidi utafute shule nyingine itakayokubali kumpokea mtoto siku hiyo. Anza kuuliza mwezi wa tisa, uliza kwa barua pepe ili jibu liwe na maandishi, na mtaje mratibu kwa jina lake kwenye salamu.